Mianzi ya Mifuko ya Saruji

Watu wanaomkumbuka Eustakia husema alikuwa mkaidi. Mimi niliishi naye mlango kwa mlango miaka kumi na mmoja, na nasema hawakumjua. Mkaidi hukataa kila kitu. Eustakia alikubali mambo mengi ambayo mimi yangenishinda, akanyamaza, akashika jembe, akalima. Alikataa jambo moja tu: kuishi katika nyumba isiyo na ndani.

Naitwa Justina. Kwetu ni Shinyanga. Mume wangu, Ndassa, alileta ng'ombe wetu Biharamulo mwaka 1971 akitafuta malisho, na Operesheni Vijiji ilipokuja mwaka 1974 tukapangiwa kiwanja cha kumi na nne katika mstari wa kwanza wa kijiji kilichoko mbele kidogo ya Nyarubungo. Jina la kijiji silitaji. Watoto wa katibu wetu wa siku hizo bado wanaishi pale na hawajanikosea lolote. Kiwanja cha kumi na tano alipewa Eustakia, mjane, Mhangaza wa Nyakisasa kule Ngara, aliyekuwa ameolewa huku na Msubi mmoja aitwaye Leonidas. Alibaki na mtoto mmoja wa kiume, Bernardo, kijana ambaye tayari ndevu zilikuwa zimemtoka.

Nyumba zile tulizijenga kwa amri na kwa haraka, zote za kipimo kimoja. Miti, udongo, nyasi, pembe nne, chumba kimoja, mlango mmoja unaotazama barabara. Ukiufungua mlango wako asubuhi, barabara nzima inakiona kitanda chako. Na mlango ulikuwa haukusaidii sana hata ukiufunga, kwa sababu Katibu alikuwa na tabia ya kuingia. Jina lake Privatus. Alikuwa mwembamba, safi, mwenye kalamu mbili mfukoni, na alikuwa akipita nyumba hadi nyumba kutazama nani hakwenda shamba la ujamaa. Alifunua vyungu. Aliinama kuchungulia uvunguni. Siku moja alinikuta nanyonyesha, akaendelea kuhesabu magunia yangu ya mtama utadhani mimi ni gunia jingine.

Eustakia alitoka katika nyumba ya aina nyingine. Ilikuwa kilimani, mwendo wa asubuhi nzima kutoka kijijini. Mgambo walipomhamisha waliezua paa na kuitia moto ili asipate kurudi, na humo ukateketea ukuta wa mianzi ambao Leonidas aliufunga kwa mikono yake mwaka waliooana. Ukuta huo kwao unaitwa insika. Unaigawa nyumba sehemu mbili: mbele hukaa mgeni, nyuma hulala wenyewe. Hauna kufuli wala mlango, una upenyo tu pembeni, na mtu mwenye adabu hata kuutazama upenyo ule hautazami. Baba mkwe havuki. Padri havuki. Hayo mimi Msukuma niliyajua baadaye, tena kwa aibu, kama nitakavyoeleza.

Alianza kwa kuomba, kama mtu yeyote. Kulikuwa na kichaka cha mianzi kando ya kijito, na Katibu alikuwa amekiweka chini ya kijiji. Eustakia akaenda ofisini kuomba mianzi thelathini.

"Mianzi ni mali ya umma, mama," Katibu alimwambia. "Na wewe peke yako unataka ukuta wa ndani wa nini? Una kitu gani cha kuficha?"

"Nina kitanda, Katibu."

Katibu alicheka, na waliokuwapo wakacheka naye. Kisha mianzi yote ya kile kichaka ikakatwa kujengea varanda ya ofisi na uzio wa kuizunguka, uzio mzuri kweli, ambao nyuma yake hapakuwa na kitu isipokuwa meza na bendera. Kufikia mwaka 1976 kando ya kijito vilikuwa vimebaki visiki tu. Nilimwona Eustakia akipita pale na ndoo kichwani, hakugeuza hata shingo.

Alijaribu kwanza kwa mabua ya mtama. Aliyachagua yaliyonyooka, akayafunga kwa kamba za migomba, akayasimamisha. Yalikaa mwezi mmoja. Wadudu wakaingia, na kila asubuhi sakafu ilikuwa na unga mweupe chini yake. Akayachoma. Mwaka huo shule ilikuwa inajengwa, na mafundi walikuwa wakitupa mifuko mitupu ya saruji shimoni nyuma ya msingi. Eustakia akawa anashuka mle shimoni kila jioni na kupanda na kifurushi kwapani. Tulidhani ni ya kuwashia moto. Mimi nilisema hivyo hivyo kwa Ndassa, nikaongeza kwamba ujane umeanza kumchanganya mwenzetu. Nimeshamwomba msamaha kwa maneno hayo, ingawa hakuwahi kuyasikia.

Basi asubuhi moja nikaenda kwake kuomba moto, nikapiga hodi, nikaingia, nikasimama mdomo wazi. Nyumba ilikuwa imegawanyika. Ukuta wa mianzi ulitoka sakafuni hadi chini ya kenchi, mwanzi kwa mwanzi, wa rangi ya ndizi inayoanza kuiva, na kila fundo na kivuli chake cheusi. Niligonga mmoja kwa ukucha. Ulilia kama mwanzi. Nikaita, "Mama Bernardo, uko wapi?" na bila kufikiri nikapita kwenye upenyo kumtafuta.

Alinikabili na mwiko mkononi. Hakunipiga, lakini alinisukuma kifuani hadi nikarudi nilikotoka, mimi na kigae changu cha kuchukulia moto.

"Kwenu hakuna ndani?" aliniuliza.

"Kwetu ndani ni ukishaingia mlangoni," nikamjibu. Nilikuwa nimekasirika.

"Basi hapa ndani ni ukishaalikwa."

Niliondoka nikiwa nimevimba, nikaapa sitakanyaga tena. Jioni akaja yeye mwenyewe, akasimama nje ya mlango wangu kama mgeni wa kweli, akasema, "Mama Malongo, sasa nakualika." Malongo ni mtoto wangu wa kwanza. Nikaenda, na siku hiyo nikauona ukuta ule kwa upande wa nyuma, ambako hakuwa amehangaika kuupaka rangi. Upande wa nyuma ulikuwa mifuko ya saruji mitupu, kahawia, na maandishi yake yakizunguka zunguka kama mistari ya konokono.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Alinitazama kama fundi anayesubiri mteja amalize.

Tangu hapo nilimsaidia, mpaka nyuma nako tukapaka rangi, maana ukuta ule ulitaka kurekebishwa kila mvua, na naijua kazi ile kwa vidole. Mfuko wa saruji una tabaka kadhaa za karatasi ngumu. Unazitenganisha, unazikung'uta mpaka vumbi liishe, unazikata ziwe na upana wa mkono mmoja. Unachukua mti ulionyooka, unene wa mpini wa jembe, unaupaka majivu usigande, kisha unauzungushia karatasi kwa gundi ya unga wa muhogo uliokorogwa mzito. Tabaka ya kwanza, ya pili, mpaka ya tisa. Ikianza kukauka unauchomoa mti, unabaki na bomba tupu, na huo utupu ndio unaoupa mlio. Mafundo ni kamba ya mgomba inayozungushwa mara tatu na kufunikwa kwa utepe wa karatasi uliolowekwa. Mimi niliyapanga mafundo yangu kwa usawa, shibiri kwa shibiri, na nikajiona hodari. Eustakia akayakata yote.

"Umewahi kuuona mwanzi wewe? Chini mafundo hubanana. Katikati huachana. Mwanzi haujapimwa na Katibu."

Rangi ilikuwa udongo wa njano wa kwenye kingo za kijito, ukichanganywa na ute wa yai. Masizi ya chungu kwenye mafundo. Majani ya maharage yanasuguliwa huku na huku ili kubaki na michirizi ya kijani, si mingi. Mwisho mafuta ya nyonyo kwa kitambaa, kisha juu ya uchaga, kwenye moshi, wiki mbili. Hapakuwa na kitu hata kimoja cha kununua isipokuwa mayai, na mayai yalikuwa ya kuku wake. Lakini ukuta wote ulimchukua miezi saba, mianzi akiificha uchagani mpaka itimie, akitoka shamba la ujamaa mchana na kuingia kazini kwake mwenyewe kabla ya kupika.

Bila shaka Katibu alikuja. Aliingia kama kawaida yake, na kabla ya kufika kwenye vyungu akauona ukuta.

"Umeiba mianzi ya kijiji," alisema.

"Nenda kahesabu visiki vyako," Eustakia alimjibu.

Alikwenda kweli. Alihesabu visiki kando ya kijito, akalinganisha na uzio wa ofisi, na hakukosa hata kimoja. Akarudi amekunja uso. Akagonga mwanzi mmoja, akausikiliza. Kisha akanyoosha shingo kuelekea kwenye upenyo, maana ndiko vyungu vilikokuwa vimehamia.

"Huko nyuma kuna nini?"

"Huku ni ndani," Eustakia alisema. Hakupandisha sauti. Alikuwa ameketi kwenye kigoda upande wa pili, tukamsikia tu.

Nilikuwapo, nilikuwa nimeleta maziwa, na niliyaona kwa macho yangu. Privatus alikuwa Msubi. Alizaliwa katika nyumba kama ile ya kilimani, akalelewa na mama aliyelala nyuma ya ukuta kama ule. Mguu wake ulikuwa umeshatangulia. Ukasimama hewani kidogo, ukarudi. Akaandika kitu kwenye daftari lake ili mkono uwe na kazi, akatoka. Kwangu alifunua vyungu siku hiyo hiyo, kwa hiyo usidhani alikuwa ameokoka.

Hivyo ndivyo karatasi ya saruji ilivyomzuia katibu wa kijiji kwa miaka miwili. Sote tulijua kwamba ngumi moja ingeipasua. Yaani mimi na Bernardo tulijua. Wengine walidhani Eustakia ameletewa mianzi na kaka zake kutoka Ngara, na yeye hakuwaambia ndiyo wala hapana. Mtu akiusifu ukuta, alisema, "Ni ukuta wangu." Hakuwahi kuuita mianzi. Naomba ulikumbuke hilo, kwa sababu baadaye aliitwa mwongo.

Mwongo alikuwa mwingine. Mwaka 1977 walikuja wageni kutoka wilayani kutazama vijiji, na Katibu akawapitisha mstari wa kwanza. Aliwaingiza kwa Eustakia, wakasimama mbele ya ukuta kwa heshima zote, mmoja akavua kofia, mwingine akagonga mwanzi kwa kidole. Katibu akawaambia kwamba hayo ni matunda ya shamba la mianzi la kijiji, na kwamba lipo lingine kubwa zaidi lenye mianzi mia mbili iliyokomaa. Shamba hilo hakuna aliyewahi kuliona, mimi wala yeye. Wageni wakaandika. Kijiji chetu kikasifiwa kwenye mkutano wa wilaya, na Katibu akapata baiskeli.

Eustakia alisikia maneno yale akiwa nyuma ya ukuta wake. Wageni walipoondoka nilimwambia atoke akaseme ukweli. Akaniuliza, "Amenidanganya mimi? Waliodanganywa wana macho, na waligonga wenyewe." Sikukubaliana naye siku ile, na hata leo sikubaliani naye. Angesema mapema, pengine ukuta ungepona.

Vita vikaja mwaka uliofuata. Tulisikia redioni Oktoba kwamba majeshi ya nduli yameingia Kagera, yamechoma, yameua, na Novemba mgambo wa kijiji chetu wakapanda lori, vijana kumi na mmoja, na Bernardo mmojawapo. Nakuondolea wasiwasi sasa hivi ili usisome ukimsubiri yeye: alirudi. Lakini mwezi ule wa Desemba mama yake hakujua kama atarudi, na hakuna aliyejua. Kila nyumba ilitoa kitu. Ndassa alitoa madume mawili, wengine maharage, wengine mihogo mikavu. Eustakia alitoa kuku wote, pamoja na wale wa mayai ya rangi, na alitoa bila kuombwa.

Kisha likaja agizo la mianzi. Mbele kulikuwa na majeruhi, na machela hazikutosha. Huko wilayani mtu alifungua majalada akaona kwamba kijiji fulani mbele ya Nyarubungo kina mianzi mia mbili iliyokomaa, myepesi, ya kufaa kabisa. Lori likatumwa, na sajini mmoja na askari wawili. Lilifika saa nne asubuhi, mvua ya rasharasha ikinyesha, na Katibu alikuwa ameshajua tangu jana yake. Angeweza kukata mikaratusi nyuma ya kanisa, padri asingekataa. Lakini alikuwa ameandika mianzi, kwa hiyo lazima iwe mianzi. Aling'oa ile ya uzio wa ofisi, ambayo ilikuwa imeoza miguuni, akapata kumi inayosimama. Halafu akaja mstari wa kwanza na mgambo wanne wazee waliobaki.

Hakuingia mwenyewe. Alisimama mlangoni akawaamuru wao. Waliung'oa ukuta kwa upande wa mbele, wakianzia penye ukuta wa nje, na Eustakia akawa anawaambia, "Acheni, hiyo ni karatasi. Mtaua watu." Hakuna aliyesikiliza. Mwanamke anayetetea nyumba yake anatarajiwa kusema lolote. Ndipo akatoka, akatembea kwenye mvua hadi kwenye lori, akasimama mbele ya sajini.

Sajini alikuwa mtu wa makamo, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimwamkia kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hii mnayopakia siyo mianzi. Nimeitengeneza mimi kwa mifuko ya saruji."

Sajini aliuchukua mwanzi mmoja, akaugonga kwa pete ya kidole, akausikiliza, akautazama mafundo. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Mama, mimi nimekulia kwenye mianzi."

"Hata mimi. Ndiyo maana huoni tofauti."

Katibu akaingilia. Alisema huyu mama ana matatizo na uongozi tangu alipohamishwa, kwamba anakataa kuchangia ulinzi wa nchi, na kwamba ndugu zake wako mpakani kabisa, ng'ambo kidogo ya Ruvubu. Ng'ambo ya Ruvubu ni Burundi, na Burundi haikuwa ikipigana na mtu, lakini siku zile neno mpaka lilitosha. Watu waliokuwa wamekusanyika wakarudi nyuma hatua moja. Nami nilirudi. Nayaandika haya kwa sababu hakuna mwingine atakayeyaandika: nilikuwa nimeipaka mifuko ile gundi kwa mikono yangu, na nilirudi nyuma.

Eustakia peke yake hakurudi.

"Mwanangu yuko huko mnakopeleka hizi," alisema. "Ningetaka kunyamaza ningenyamaza, mngeondoka, nisingeulizwa kitu. Katibu anasema ni mianzi ya shamba lake. Sawa. Fungeni machela moja hapa hapa, mumlaze yeye. Akibebwa mpaka kwenye lile lori, chukueni ukuta wote na mimi mnifunge."

"Hatuna muda wa michezo," Katibu alisema.

"Muda upo," sajini akasema. Alikuwa amekoma kutabasamu. "Machela zote zinajaribiwa. Lala."

Walipitisha mianzi miwili katika magunia mawili yaliyotobolewa matako. Katibu alitazama huku na huku, akaziondoa kalamu zake mfukoni, akampa mtu amshikie, akalala chali huku mvua ikimwingia machoni. Wale mgambo wanne wakashika, wakanyanyua.

Ikashika.

Walipiga hatua ya kwanza, ya pili, ya tano, na ile mianzi ikapinda kidogo kama mianzi inavyopinda, na ikashika. Watu wakaanza kunong'ona. Katibu akainua kichwa akanitafuta kwa macho, sijui kwa nini mimi. Nilimgeukia Eustakia. Alikuwa amefumbata mikono kifuani, na sikuwahi kumwona akiogopa kabla ya hapo. Baadaye aliniambia kwamba kwa hatua zile hakujua aombe nini, kwa sababu miezi saba ya kazi yake ilikuwa inaomba ishike, na tumbo lililomzaa Bernardo lilikuwa linaomba ivunjike.

Mwanzi wa kweli ukivunjika hupiga kelele. Ule wa kulia haukutoa sauti yoyote. Ulilowa, ukalegea katikati, ukakunjika taratibu, na Katibu akateleza kutoka kwenye gunia akafikia mgongo kwenye tope, miguu ikiwa bado juu imeshikwa na mgambo wa nyuma ambaye hakuwa ameelewa. Kicheko kilianzia kwa wanawake wa mstari wa pili. Kilipofika kwetu nikacheka na mimi, na nilicheka kwa hasira zote za vyungu vyangu vilivyofunuliwa tangu mwaka 1974. Ndassa ilibidi anishike mkono.

Sajini hakucheka. Aliokota ule mwanzi uliokunjika, akauchana kwa kidole gumba, tabaka moja baada ya nyingine, mpaka yakatokea maandishi: SARUJI, KILO HAMSINI. Akayaonyesha kwa Katibu, aliyekuwa bado amekaa topeni.

"Juzi nilimbeba mtu kwa saa tano nzima," alimwambia. "Alikuwa mzito, na alikuwa analia jina la mama yake. Ningempakia kwenye hii."

Kicheko kikakatika. Sajini akauliza mikaratusi iko wapi, mtu akamwonyesha kanisa, na askari wake wakaondoka na mashoka. Kabla ya kupanda lori alimrudia Eustakia akamwuliza jina la mwanaye na kikosi chake. Akaliandika kwenye kiganja kwa kalamu ya Katibu, na kalamu hakuirudisha.

Ukuta ulikuwa umeshang'olewa wote. Wakati sisi tunatazama maajabu barabarani, ile mianzi mingine ilikuwa imelala uani kwenye mvua, na tulipoikumbuka ilikuwa uji. Rangi ilikuwa inatiririka kuelekea kwangu, ya njano. Nililia mimi. Eustakia alichukua koleo akaizoa, akaimwaga kwenye shimo la taka, akafagia. Ndani ya nyumba kikabaki chumba kimoja, kitanda kinatazama barabara, na katikati ya sakafu mstari wa vishimo vidogo thelathini na sita pale mianzi ilipokuwa imesimikwa. Nilimwambia nitamletea udongo tuvizibe. Akasema viache.

Siku ya nne Katibu alikuja. Alikuwa na barua ya kumwita Eustakia kwenye baraza la kijiji, akaombe radhi hadharani kwa kuidanganya serikali kwa vitu bandia. Nilikuwa nimekaa kwenye sehemu ya mbele, tunachambua maharage. Eustakia alikuwa ameketi kwenye kigoda chake upande wa kitandani. Katibu akaingia bila hodi, akapiga hatua tatu za haraka, na akafika kwenye vishimo.

Akasimama.

Hapakuwa na kitu mbele yake. Alikuwa anamwona mwanamke, anakiona kitanda, anaviona vyungu vyote vinne na vifuniko vyake. Akatazama chini kwenye ule mstari, akatazama juu.

"Pita, Katibu," Eustakia alimwambia. "Hakuna ukuta."

Mguu haukunyanyuka. Niliutazama mguu ule muda wote, na haukunyanyuka. Mwishowe akaifungua barua akaisoma kwa sauti akiwa pale pale, mwanzo hadi mwisho, kuhusu udanganyifu na kuhusu bandia, na sauti ikawa inapungua kadiri alivyokuwa akisoma. Alipomaliza hakuwa na namna ya kumkabidhi mkononi. Akainama, akaiweka sakafuni, upande wake wa vishimo.

"Mimi sikumwambia mtu kwamba ni mianzi," Eustakia alisema. "Wewe ndiye uliyewaambia. Baraza hilo likianza, anza wewe kuomba radhi, mimi nitasikia nikiwa hapa."

Katibu akatoka. Eustakia akaweka ungo chini, akaja akavuka mstari wake, akaiokota ile barua. Akaisugua kwa kidole gumba na cha shahada, kama alivyokuwa akiipima mifuko shimoni, akaiinua kwenye mwanga wa mlango.

"Nyembamba," akaniambia. "Haitoshi hata fundo moja."

Akaitia motoni chini ya chungu kilichongoja maharage. Kwenye baraza hakwenda, na hakuna aliyekuja kumchukua.